Kiti cha Nahodha Kilikuwa cha Bibi

Mama mdogo haangalii tamthilia, anaikagua. Kituo cha televisheni kinaporudia ile ya zamani ya chombo cha anga, yeye husogeza kigoda mpaka karibu na skrini, miwani puani, na kuanza kuwaumbua watu wa nyota.

"Huo mtambo wa kuongea na sayari ni kabati la vyombo la jirani yetu, nimelilaza chali. Kitanda cha daktari ni mlango wa stoo. Na huyo mfalme wa majini, mwangalie alivyojibana! Amekalia kiti cha kinyozi."

Anajua kwa sababu seti ile aliipamba yeye. Wakubwa wa kituo walitaka anga la juu lakini hawakutaka kununua hata msumari. Basi mama mdogo alizunguka nyumba kwa nyumba akiazima samani, akazipaka rangi ya fedha, na picha zilipokwisha kupigwa akazisugua na kuzirudisha kwa wenyewe. Zote alizirudisha, isipokuwa kiti cha kinyozi, ambacho mwenyewe aliwaachia, na kiti cha nahodha.

Kiti hicho cha nahodha kilikuwa cha bibi yangu, mama yao yeye na mama yangu: cha mbao nyeusi, kizito, chenye mikono mipana. Mkurugenzi wa wakati huo alisema kibaki mpaka tamthilia iishe. Tamthilia ikaisha, stoo ikapigwa kufuli, na kila alipoulizia aliambiwa njoo kesho. Alikwenda kesho zote walizompa, mpaka akastaafu. Bibi akafa akiwa anakaa kwenye kiti cha plastiki.

Tangu mazishi, mama yangu hasemi na mdogo wake. Anaamini kiti kiliuzwa. "Amekila kiti cha marehemu," husema, kama vile mbao huliwa. Wakitaka kuambiana jambo, hunituma mimi. Mama mdogo alijaribu mara nyingi kunituma nimwambie mama aangalie marudio, akione kiti kwa macho yake. Siku moja mama aliangalia, akasonya.

"Kiti cha mama kilikuwa cheusi. Hicho ni cha bati, kimejaa vitufe. Na mguu wake wa nyuma ulivunjika tukiwa wadogo. Uko wapi huo mguu?"

Mguu haukuonekana kwa sababu mama mdogo aliijua kazi yake. Katika kila onyesho alikigeuza kiti ili upande mbovu usitazame kamera. Alivyouficha mguu ule kwa ustadi ndivyo alivyouficha ushahidi wake mwenyewe, na kituo kilichofaidi ustadi huo hakikumfuta hata chozi moja.

Mwaka huu wakafungua maonyesho ya tamthilia hiyo kwenye ukumbi wa mapokezi. Nikaenda naye. Katikati ya ukumbi, ndani ya kioo, palikuwa na kiti kinachong'aa na kibao: KITI CHA NAHODHA. Mama mdogo alicheka mpaka akajishika kiuno.

"Hicho ni cha kinyozi!"

Meneja wa maonyesho, kijana wa rika langu mwenye suti iliyombana, akatabasamu kama anayemvumilia mtoto. "Mama, wataalamu wetu wamekithibitisha."

"Wataalamu wenu wananyolewa wapi, baba?" Kisha kicheko kikamkauka. "Vilivyokuwa stoo viko wapi?"

"Yale makorokoro? Tuliyatupa. Labda walinzi walichukua mawili matatu."

Tukatoka hadi lango la nyuma, meneja akitufuata kuhakikisha hatugusi kitu. Mlinzi alikuwa amekaa kwenye kiti kilichobanduka rangi ya fedha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hebu simama kidogo, mwanangu."

Akakipindua. Mguu wa nyuma ulikuwa umefungwa utepe wa bati la kopo la mafuta ya kupikia, bati alilolipigilia bibi kwa mkono wake. Kwenye mikono ya kiti kulikuwa na madoa ya gundi, ya mviringo, pale alipobandika vifuniko vya chupa viwe vitufe.

"Kiti cha nahodha hiki hapa!" akapaza sauti. "Hiki hapa!"

Meneja akatoa simu, akalinganisha na picha. Nikamwona anabadilika uso. "Kumbe ni chenyewe. Mlinzi, kipeleke ndani. Hii ni mali ya kituo."

Dakika iliyopita kilikuwa takataka! Kilipojulikana tu kuwa na thamani, kikapata mwenyewe, na mwenyewe si sisi. Nikamwambia kiti ni cha bibi yangu. Akauliza kama tuna hati. Hati ya kiti cha mama yako! Nani huzaliwa na hati za viti vya kwao?

Mama mdogo akakisimamisha kiti, akakalia. "Nibebeni pamoja nacho. Mniweke kwenye kioo na mimi."

Nikampigia mama simu. "Mwambie huyo..." alianza.

"Mama, leo simwambii mtu. Njoo mwenyewe."

Akaja amekunja uso, hakusalimia mtu. Akainama, akapapasa lile bati kwa kidole gumba. Alipoinuka, alimtazama mdogo wake usoni.

"Ulikipaka rangi ya sufuria, mjinga wewe!"

"Ilikuwa kazi, dada."

"Na haya madoa?"

"Vitufe vya kupaa."

"Kupaa wapi? Mama alikuwa anaogopa hata ngazi!"

Mama mdogo akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio, na mama akamshika bega kwa nguvu, kama anayetaka kumpiga.

"Funga lango!" meneja akaamuru.

Mlinzi akakuna kichwa. "Bosi, mimi nimeagizwa kulinda mali ya kituo. Hiki nilikiokota jalalani, mlisema hakina kazi." Akalifungua lango pande zote mbili.

Wale ndugu wawili wakakinyanyua, kila mmoja upande wake, wakibishana nani anavuta na nani anasukuma. Meneja akapiga kelele kwamba huo ni wizi. Nikamgeukia, nikamuuliza kwa sauti iliyofika mpaka mapokezi: kuazima kiti cha mwanamke mzee na kumwambia mwanawe njoo kesho mpaka mzee anaingia kaburini, hiyo mnaiitaje hapa ndani?

Nilikuwa bado na mengi ya kumwambia, lakini mama akaniita kutoka barabarani: niache kuhutubia, kiti ni kizito.