Gitaa Iliyokuwa na Midomo Miwili

Mjukuu wangu anapiga gitaa huko Eldoret. Juzi alikuja kunisalimia, akaniambia ati siku hizi madukani wanauza vizibo vya mpira vya kuziba matundu ya gitaa ya stima, ndiyo isipige kelele ovyo. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwambia, vizibo hivyo mimi nilikata kwa kisu cha kumenya viazi kabla baba yako hajaota meno. Akaniangalia kama mtu anayemwonea mgonjwa huruma. Basi nimeamua kuandika. Shule nilifika darasa la tatu tu, kwa hivyo mwenye kutafuta Kiswahili cha redio asome kwingine.

Tulikuwa tunakaa kwenye laini, zile nyumba za safu za wafanyakazi wa shamba la chai, upande wa Kericho, miaka michache baada ya Uhuru. Mimi nilichuma majani. Mzee wangu, baba ya watoto wangu, alianza na genge la kukata michai, kuinama na panga kuanzia asubuhi, mpaka vidole vyake vilikuwa vinabaki vimejikunja hata akishika kikombe. Halafu shamba likaanzisha bendi, kwa sababu shamba jirani lilikuwa na yake na wakubwa hawakutaka kushindwa. Aliyejua kupiga chombo alitolewa kwa panga akapelekwa kiwandani kutandaza majani, kazi ya kivulini, ndiyo abaki na vidole vya kupigia. Mzee wangu alikuwa fundi wa kupiga gitaa kavu, ile isiyo ya stima, tangu ujana. Akachukuliwa. Lakini kila mtu kwenye laini alijua sheria: ukitoka kwa bendi, unarudi kwa panga.

Gitaa ya stima aliyopewa apige iliachwa na mzungu mmoja, msaidizi wa meneja, alipofunga mizigo kurudi kwao. Ilikuwa nyekundu kama nyanya, nyembamba kuliko gitaa kavu, na kifuani ilikuwa na matundu mawili, moja kila upande wa nyuzi, yamejikunja kama mkia wa kinyonga. Nzuri sana. Mimi sikuwa naruhusu mtu aiguse kabla ya kunawa.

Shida yake ni moja tu. Ilikuwa inalia.

Sisemi kuimba. Nasema kulia. Mzee akishaiunganisha na spika pale kwenye holi ya shamba, akapandisha sauti watu wacheze, ghafla ingeanza yenyewe: uuuuuu, sauti nene ya chini kama ng'ombe aliyekwama matopeni, hainyamazi, inakua tu, mpaka mabati ya holi yanatetemeka na watu wanaziba masikio. Ilifanya hivyo mara ya kwanza, watu wakacheka. Ikafanya mara ya pili mbele ya meneja.

Mkubwa wa bendi alikuwa mtu wa kutoka magharibi, mrefu, wa kuvaa kofia hata ndani ya nyumba. Siku ile ya meneja alimwita mzee wangu kando, mimi nikiwa hapo mlangoni.

"Jumamosi ijayo bendi ya jirani inakuja hapa kushindana na sisi," akamwambia. "Hiyo kitu ikilia tena, utaniachia gitaa, na Jumatatu utaamkia panga. Mimi sitachekwa na wale watu."

"Labda ni stima mbaya," mzee akasema.

"Mbona kwa stima hiyo hiyo gitaa yangu hailii?"

Ni kweli, yake haikulia. Lakini mimi nilikuwa nimeiangalia ile ya mkubwa, na nilikuwa nimeona kitu: ilikuwa ubao mzima, mzito, bila tundu hata moja. Nilitembea nalo jambo hilo kichwani mpaka nyumbani.

Jirani yangu wa mlango wa pili, mama mmoja kutoka Kisii, mwenye mdomo mkali kunishinda, alikuwa na maelezo yake tayari. "Hiyo gitaa inamlilia mzungu wake," akasema. "Ipe chai yenye maziwa, na biskuti."

Sasa, mimi nilikuwa na kazi nyingine baada ya majani kupimwa. Nilikuwa nashona vibuyu. Watu waliniletea sotet zao zikipasuka, vibuyu vya mursik, maziwa ya kugandisha, kutoka laini zote na hata kutoka Roret, nikizitoboa kando ya ufa, nikishona na kuweka kiraka cha ngozi, na nta ya nyuki juu. Sisemi kwa kujisifu, ama labda nasema. Kibuyu nilichoshona mimi hakikuvuja. Na mtu wa vibuyu anajua vitu vyenye tumbo tupu. Unagonga kwa kucha, unasikiliza. Unapuliza mdomoni, kinakujibu. Kila kibuyu kina sauti yake moja, hiyo hiyo, na ukiweka maziwa nusu sauti inabadilika, na ukifunika mdomo kwa kiganja inakufa.

Kwa hivyo nilianza na ufa. Jumapili baada ya kanisa niliweka gitaa kwenye mapaja nikaigonga kila mahali kwa kucha. Hakuna ufa. Lakini nilisikia kitu kingine: katikati, chini ya nyuzi, iligonga kama mlango. Pembeni, iligonga kama kibuyu. Nikachukua sosiot yangu, ile fimbo ya kusugulia vibuyu ndani, nikaiingiza polepole kwenye tundu.

"Wee! Unafanya nini?" mzee akaruka.

"Tulia. Naangalia tumbo."

Sosiot iliingia kidogo kuelekea katikati, ikagonga mti. Nikajaribu tundu la pili, nako ikagonga mti. Kumbe hiyo gitaa si tupu yote! Katikati kuna gogo limelala kutoka shingoni mpaka mwisho, na kila upande kuna chumba chake kidogo, na kila chumba kina mdomo wake. Vibuyu viwili vimegundishwa kwa ubao. Nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu njiani.

Nikaweka mdomo karibu na tundu la upande wa nyuzi nene, kiganja nikakilaza juu ya mbao, nikaanza kuguna. Nilianza chini kabisa kama mzee anayeamka, nikapanda taratibu. Hakuna kitu, hakuna kitu, halafu papo hapo mbao ikatetemeka chini ya kiganja changu kama paka anayekoroma. Nikapanda zaidi, ikanyamaza. Nikarudi, ikatetemeka tena.

"Lete mkono," nikamwambia mzee. Akalaza mkono. Nikaguna. Macho yakamtoka.

"Sasa tafuta hiyo sauti kwa nyuzi," nikamwambia. Nikaendelea kuguna, naye akatafuta, akapanda na kidole kwenye uzi mnene wa juu, hatua moja, mbili, tatu, nne. Pale pa nne sauti ya uzi na sauti yangu zikawa kitu kimoja. Akaacha kupiga. Akaniangalia.

"Mama watoto," akasema pole pole, "hapo ndipo inapolia. Mara zote mbili nilikuwa hapo."

Sikulala vizuri kwa furaha. Sasa nilikuwa nimeelewa. Gitaa ikipiga ile sauti yake, spika inaitoa kwa nguvu, ile nguvu inarudi inaingia kwa midomo, inatikisa tumbo, tumbo linatikisa uzi, uzi unapeleka tena kwa spika. Ni kama mimi na yule mama wa Kisii tukigombana: nikiinua sauti anainua, akiinua nainua, hakuna wa kunyamaza kwanza. Na gitaa ya mkubwa haina tumbo, kwa hivyo haina wa kugombana naye.

Basi ziba midomo, si ndiyo? Ndivyo nilivyofikiri. Nikafanya kama ninavyofanya vibuyu: nikakata kitambaa kwa kufuata umbo la tundu, nikakipaka nta niliyoletewa na mama yangu kutoka Sigor, nikaziba yote mawili. Safi kabisa. Jumanne majani yalipokwisha kupimwa tukaenda holi, mlinzi akatufungulia. Mzee akaunganisha, akapandisha sauti, akapiga pale pabaya.

Kimya. Uzi ulipiga ukaisha, kama uzi mwingine wowote.

Alitaka kunibeba. Lakini mimi nilikuwa nimekunja uso. "Piga wimbo," nikamwambia. Akapiga. Kwa mtu anayepita nje, ilikuwa gitaa tu. Lakini mimi nilikuwa nimeisikiliza kila siku nyumbani, na kulikuwa na kitu kimeondoka. Ile pumzi. Zamani kila sauti ilikuwa inatoka na kaupepo nyuma yake, kama mtu anayeimba huku anatabasamu. Sasa ilikuwa kama mtu anaongea na blanketi mdomoni.

"Imekauka," nikasema.

"Wacha ikauke! Unataka nirudi kwa panga?"

Tukiwa bado tunabishana, joto la mabati lililegeza nta, kizibo kimoja kikaanguka ndani, tumboni, pwa. Tulitumia muda mrefu tukiishika gitaa kichwa chini miguu juu, tukiitikisa, mpaka mlinzi akauliza kama imemeza kitu. Kilipotoka nilijua nta haifai. Kibuyu hakichezi dansi.

Siku iliyofuata nilipata kipande cha tairi kuukuu ya baiskeli. Nilikata mpira kwa kisu, mpana kidogo kuliko tundu, nikachonga mfereji pembeni ili ujishike wenyewe kwenye ukingo, kama kifuniko. Nikakata vizibo viwili. Halafu Alhamisi tukarudi holi, na hapo ndipo nilipomsumbua mzee wangu kweli kweli. Ziba la juu, fungua la chini. Piga. Sasa fungua la juu, ziba la chini. Piga. Ziba lote moja, lingine nusu. Piga. Simama hapa. Geuka. Rudi. Alitoa jasho kuliko siku za panga.

Tukaona hivi. Mdomo wa upande wa nyuzi nene ndio mgomvi mkubwa. Ukiuziba, ule mlio mnene unakosa nguvu. Mdomo wa pili ukiachwa wazi, ile pumzi inarudi, si yote, lakini ya kutosha moyo kuguswa. Ila bado unaweza kulia, sauti ya juu kidogo, mzee akisimama akiangalia spika uso kwa uso. Akisogea hatua tatu pembeni na kuipa spika mgongo, hailii hata apandishe vipi. Mwili wake wenyewe ulikuwa kizibo cha tatu! Hilo lilinishangaza kuliko yote.

"Sasa ni wewe," nikamwambia. "Ukiziba yote hailii kabisa, na haina utamu. Ukiacha moja ni tamu, na lazima ukumbuke mahali pa kusimama."

Alivigeuza vizibo mkononi. Alikuwa anawaza Jumatatu, nami pia.

Jumamosi mchana holi ilijaa mpaka madirisha. Wageni walipiga kwanza, na walipiga vizuri, sitasema uongo. Halafu wetu wakapanda. Niliona mzee ana vizibo vyote viwili. Nikasema moyoni, sawa, mtu ana haki ya kuogopa. Wakapiga wimbo wa kwanza, watu wakapiga makofi ya adabu. Mkubwa wa bendi akamwinamia akamwambia kitu, baadaye niliambiwa alisema, "Mbona leo unapiga kama umefiwa?"

Mzee wangu akaangalia chini. Akaingiza ukucha, akang'oa kizibo cha chini, cha upande wa nyuzi nyembamba, akakitia mfukoni. Akahesabu hatua tatu pembeni, akaipa spika mgongo.

Wimbo wa pili ulipoanza, yule mama wa Kisii alinishika mkono kwa nguvu. Watu waliinuka kabla ya maneno kuanza. Alipiga mpaka pale pabaya, hatua ya nne ya uzi mnene, akapita, akarudi, akapita tena, kama mtu anayemchokoza mbwa aliyefungwa. Haikulia. Mimi nilikuwa nimejikaza mpaka meno yanauma.

Walipomaliza, mkubwa wa bendi aliipindua gitaa mikononi mwake, akabonyeza ule mpira kwa kidole.

"Nani amekufanyia hii?"

Nilikuwa karibu. Nilivuta kitambaa cha kichwa kikae sawa.

"Fundi mmoja wa Nakuru," mzee wangu akasema.

Nilitangulia nyumbani. Alipofika akakuta jiko baridi na mimi nimeketi mlangoni nashona kibuyu cha mtu.

"Chakula kiko wapi?"

"Kwa fundi wa Nakuru. Ukikimbia utafika kabla ya Jumatatu."

Kutoka mlango wa pili nilisikia kicheko.

Alikuja akachuchumaa karibu nami. Akasema wenzake wangemcheka, ati gitaa yake inatibiwa na mwanamke wa vibuyu. Nikamwambia wangemcheka zaidi akiwa na panga. Alikula mahindi ya kuchoma, akayachoma mwenyewe, mabichi upande mmoja.

Jumatatu alienda kiwandani, si kwa panga. Jioni, jua likiwa bado juu ya michai, nikaona watu wawili wanakuja kwenye njia ya laini. Mkubwa wa bendi alikuwa amebeba gitaa kavu ya zamani iliyofungwa na shuka, na mzee wangu anatembea nyuma yake kama mtoto anayepelekwa kwa mwalimu.

"Shemeji, habari za hapa," mkubwa akasema, akichungulia ndani juu ya kichwa changu. "Mzee wako ameniambia yule fundi wa Nakuru yuko hapa kwako. Hii kavu yangu ya nyumbani inanguruma ukiipiga kwa nguvu. Ametoka?"

Nilimwangalia mzee wangu. Sikumsaidia hata kidogo.

Akakohoa. "Ni huyu," akasema. "Ni yeye. Nakuru hakuna fundi."

Mkubwa wa bendi akatazama mikono yangu, nta kwenye kucha na weusi wa majani kwenye vidole. Halafu akafungua shuka, akanipa gitaa yake kwa mikono miwili. Nikamwonyesha kigoda aketi, nikamwambia avue kofia, kwa sababu nilikuwa namtaka ainamie tundu na aanze kuguna.