Ndege wa Alasiri

Mwishoni mwa miaka ya hamsini nilipanda vichaka kumi na viwili vya asmini nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Tibirinzi. Nilikuwa karani niliyeacha skuli mapema, na nilitaka kuthibitisha kuwa mtu anaweza kukuza bustani kwa kusoma tu. Kitabu changu kiliachwa na ofisa wa Kiingereza aliyerudi kwao. Kilisema mmea mchanga usichumwe ua hata moja mpaka utimize miaka mitano.

Nikaitangaza sheria hiyo nyumbani. Mke wangu alinisikiliza kwa adabu. Bibi yake, aliyeishi nasi na ambaye kwa utani akiniita mume wake, aliuliza kama mwenye kitabu alipata kuvaa kikuba, kile kishada cha asmini cha wanawake. Vitumba vya kikuba huchumwa alasiri vikiwa vimefumba, vikaja kufumbuka usiku kwenye nywele za mwanamke.

Nikaweka daftari. Asubuhi nilihesabu vitumba, na jioni nikitoka kazini nikahesabu tena. Hesabu hazikulingana ila siku za mvua. Nikaandika: "Ndege." Nikasimamisha sanamu ya kuwatisha, nikaivika kanzu yangu kuukuu. Bibi akipita huisalimia: "Masalkheri, mume wangu. Leo hukwenda afisini?"

Kichaka kimoja, kilichokuwa chini ya dirisha langu, nilikizungushia uzio wa waya. Hicho ndege hawakukigusa, nami nikaona hapo ushahidi wa akili yangu.

Mke wangu alikuwa akienda arusini na kikuba kinachonukia nyumba nzima. Nilimuuliza amekipata wapi.

"Kuna mtu ana bustani," alisema. "Mungu amzidishie."

Nikaitikia amina.

Mwaka wa tano, masika yalipokwisha, bustani ilitimia. Vichaka kumi na kimoja vilikuwa vimenifika kifuani, vinene, vimejaa vitumba kama mchele uliomwagika. Nilisimama mbele yake asubuhi nzima bila kuhesabu kitu. Jumapili nikawaalika wenzangu wawili wa afisini, nikawaeleza habari za mizizi, samadi na subira. Walitikisa vichwa kwa heshima, mpaka mmoja alipouelekea uzio.

"Na hiki je?"

Kilikuwa kirefu, majani matupu, na vitumba vitatu.

"Labda udongo," nikasema.

"Udongo gani, mume wangu?" Bibi alikuwa kwenye mkeka akichambua mchele, wala hakuinua uso. "Hicho ndicho ulichokilea wewe. Hivyo vingine tumevilea sisi. Asmini usipoichuma huona haitakiwi."

"Mmechuma kila siku? Miaka mitano?"

"Siku za mvua tulipumzika."

Mke wangu alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika. Wageni wangu walicheka mpaka mmoja akaomba maji.

 Kumi na kimoja vimechumwa, kimoja hakikuchumwa, na udongo ni mmoja: jaribio safi kuliko lolote lililomo kitabuni, nami nilikuwa nimelifanya bila kujua. Ilikuwa bustani nzuri hata hivyo. Kosa langu halikulifuta hilo. Kwenye daftari, palipoandikwa "Ndege", niliongeza "wawili".

Kesho yake asubuhi niliung'oa uzio. Alasiri nilirudi mapema, nikasikia vicheko nyuma ya nyumba. Nikasimama mlangoni kwangu, nikakohoa, nikapiga hodi, nikangoja wamalize kuchuma.