Ganda la Moto

Ujinga wangu ni huu: mpaka nimeoa, niliamini mimi ni jasiri. Kwetu Kisarawe, wanawake wakibangua korosho za kuchoma hujipaka majivu mikononi, maana mafuta ya ganda hubabua. Mimi nilibangua mikono mitupu huku nikiwahubiria uvumilivu. Siku moja, katikati ya mahubiri, jirani yetu, bibi mwenye ulimi wa wembe, akanusa.

"Mwanangu, nyama inaungua."

"Leo hatuna nyama, bibi."

"Ni wewe. Umekanyaga kaa."

Kweli. Kaa lilikuwa chini ya unyayo wangu, na mimi sina habari.

Hospitali nilikopelekwa kutibiwa mguu, daktari alipojua nimefika kidato cha nne, alinifafanulia. Tumboni mwa mama, chembe hai huanza zikifanana. Kisha jeni, yale maagizo tunayorithi, huzigawia kazi: hizi zitachezesha misuli, hizi zitahisi mguso, hizi zitapeleka maumivu. Kwangu agizo la hizi za mwisho lilikuwa na kasoro, hazikuumbika. Kumbe ndiyo yaleyale ya babu yangu, ambaye watu walimwogopa wakidhani ana dawa ya moto.

"Na mtoto wangu?" Binti yetu ndiyo kwanza alikuwa anatambaa.

"Anaweza kurithi, anaweza asirithi."

Mke wangu alisema tumchome pini tujue. Nilishika pini, nikairudisha. Kidonda cha mguu kikanipa ruhusa ya kutokwenda shamba la ujamaa, na kusema kweli sikubembelezwa. Wanaume wenzangu wakipita na majembe walipiga kelele, "Mwali hajatolewa ndani tu?" Kutwa nilikaa kama gogo, namtazama mtoto. Sikuhuzunika, wala sikutumaini.

Asubuhi moja nilikuwa nachoma korosho, mke wangu anajiandaa kwenda shambani. Niligeuka kuchukua kuni, mtoto akakamata ganda la moto. Akalia kilio cha kung'oa paa. Mama yake akaja mbio, akautumbukiza ule mkono kwenye ndoo ya maji.

Nilisimama na kuni yangu. Hii ndiyo habari niliyokuwa nikiingoja, basi nikangoja furaha nayo ije. Haikuja. Hata huruma haikuja.

Jirani, ambaye kama mtaa mzima alishajua ugonjwa wangu, alichungulia juu ya ua.

"Mshukuru Mungu mtoto kachukua kwa mama'ke. Sasa ishia hapo hapo, usizae mwingine."