Kesi ya mjukuu wangu ilisikilizwa mlango umefungwa, leo iko kwenye simu ya mkwe

Wakuu, marahaba kwa wote mnaoniamkia. Anayechapa ni mjukuu wangu Nyangi, maneno ni yangu na sijatia chumvi.

Waliokuwepo kwangu Nyarero siku hiyo: mzee Chacha, baba wa binti anayeolewa. Mdogo wake Chacha, Mwita. Mama wa binti, Gati. Upande wetu mimi, shemeji yangu Marwa, Nyangi, na mjukuu wangu wa kiume anayeoa.

Walikuja kuchagua ng'ombe wa mahari.

Mwita hakutazama hata ndama. Akatoa simu. "Bibi, mbona hamkutuambia tunaoza binti kwa mwizi?"

Picha ya karatasi ya mahakama. Jina la mjukuu wangu liko juu kabisa.

Niwarudishe nyuma. Dhahabu ilipochangamka, huyu mtoto yuko shule ya msingi, alikamatwa upande wa Genkuru na kiroba cha magwangala, yale mawe ya mabaki ya mgodi. Huku kwetu nani hakuokota?

Hakimu alitoa watu wote nje, nikabaki mimi mlezi. Akaniambia, "Mama, haya yanaishia humu."

Nikamwamini.

Sasa nikamuuliza Mwita kaitoa wapi.

"Steshenari, mjini. Nilienda kuprinti mambo yangu, nikaikuta kwenye kompyuta yao."

Mzee Chacha akasimama. Wakaondoka, hata togwa hawakuonja.

Kesho yake nikaenda mahakamani. Karani akaniamkia vizuri tu.

"Bibi, tulipoingiza mafaili ya zamani kwenye kompyuta printa ikafa. Tukawa tunapeleka kuprinti steshenari kwa flashi."

"Na kufuta kule?"

"Hiyo ni kazi ya mwenye duka."

Jamani. Mlango mnafunga, mnafukuza hadi mama zake wadogo, halafu siri ya mtoto mnamwachia muuza fotokopi?

Ng'ombe bado wako zizini. Mjukuu karudi machimboni. Anasema, "Bibi, jina la mwizi ninalo tayari, nitunze nini?"

Nilichojifunza: mtoto wako akifikishwa mahakamani, uliza kompyuta yenye faili lake anafungua nani, anaprinti wapi, anafuta nani. Usiondoke hadi wakujibu. Na ninyi yamewakuta? Semeni.

Kama kuna niliyemsahau au kumkosea jina siku ile, nisahihisheni.

Ila la mjukuu sikuliandika kwa makusudi. Anayelijua asiliweke hapa.