Siku Ardith Aliposoma Mstari Usio Wake

Ardith Vondra alipeleka barua mashambani kwetu Nebraska mpaka akastaafu, lakini watu hawakumjua kwa barua. Walimjua kwa shindano la tahajia la wilaya, ambapo watoto hushindana kutaja herufi za maneno. Miaka ishirini na sita yeye ndiye aliyekaa mbele ya kipaza sauti akiwasomea watoto maneno, nami nikikaa kando yake kama mwamuzi wa kengele. Mtoto akikosea herufi, nagonga.

Hakuwa na mtoto wala mume. Alikuwa na paka mwenye kiburi na kiti kile. Mtu akikitamani, Ardith alivimba kama chura.

Mwaka ule ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umeshamwingia. Alinikatalia, lakini nilimwona akiishika kadi ya maneno karibu na pua. Merle Buresh, mwenyekiti wa kamati, aliona pia. Asubuhi, tukinywa kahawa ukumbini, alimwambia wazi.

"Ardith, macho yamekwisha hayo. Ukikosea mara moja tu leo, mwakani nakaa mimi."

"Wewe? Hata menyu ya mkahawa unaisoma kwa kukwama kwama! Nenda kapange viti."

Tulicheka. Merle hakucheka.

Mchana walibaki watoto wanne. Alisimama Colleen Zeleny, wa miaka kumi na miwili, mtoto wa kinyozi. Neno lake lilikuwa guerdon, la Kiingereza cha kizamani, ambalo hata mimi sijawahi kulisikia likisemwa na mtu mwenye akili timamu.

"Maana yake, tafadhali?"

"Zawadi, au malipo ya kazi njema," Ardith akasoma.

"Na asili yake?"

Kwenye shindano letu mtoto ana haki ya kuuliza hivyo, na msomaji hujibu kama kadi inavyosema, bila kupunguza. Ardith akainamia kadi.

"Kilatini."

Colleen aliandika kwa kidole kiganjani, akafuta, akaandika tena. Kisha akalitaja neno herufi kwa herufi bila ile u inayofuata g, ambayo sikioni haisikiki kabisa. Nikagonga kengele. Mtoto akarudi kitini, akauficha uso kwa mikono.

Sheria inasema malalamiko yatolewe kabla mtoto anayefuata hajaanza. Hakuna aliyelalamika. Merle alikuwa akinong'ona na mwandishi wa gazeti. Kadi ya mwamuzi, yenye maelezo yale yale, nilikuwa nayo mezani, na sikuitazama, kwa kuwa nilikuwa nawaza pai ya cheri. Ninaona aibu mpaka leo.

Ardith aliinua kadi hadi ikagusa kope. Nikamwona amebadilika rangi.

"Nini?" nikanong'ona.

"Nimesoma mstari wa neno la chini. Hili limetoka Kifaransa cha kale, Bernice. Wafaransa walilitoa kwa Wajerumani."

Mtoto aliyesoma vizuri akisikia Kifaransa huiweka ile u bila kufikiri, kwa kuwa Wafaransa huandika gu mbele ya e. Nilielewa, na nilielewa pia kwamba ni sisi wawili tu tuliojua.

"Nyamaza," nikamwambia. "Mwite anayefuata."

Akavuta kipaza sauti.

"Simamisheni. Colleen, mwanangu, mimi ndiye niliyekosea. Nimekudanganya asili ya neno, kwa sababu sioni. Apewe neno jingine."

Ardith akasimama, akamgeukia Merle. "Haya, kaa. Mimi siwezi tena."

Colleen alipata neno jingine, akalipatia, akatoka raundi mbili baadaye akiwa wa tatu. Alifurahi sana na nishani yake ya shaba.

Garini nilimkaripia Ardith. "Hakuna aliyejua! Kwa nini ulijitia kitanzi mwenyewe?"

"Aliniuliza, Bernice. Akaniamini."

Kisha akalia, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akilia hata alipomzika mama yake, akalia mpaka nikamfikisha mlangoni kwake. Mwaka uliofuata kamati ilimtumia mwaliko aje kutazama, kiti cha mbele kabisa. Hakuja.