Ngao ya mtoto nilichora bila yale meno matatu

Admin, usiweke jina langu, hapa Kianda wananijua na hii kazi. Niko na miaka 31, sijaoa, naishi na mzee wangu. Kazi yenyewe watu huicheka: napaka rangi sanamu za wanajeshi wadogo kama kidole, wale wapanda farasi wa zamani wa Ulaya waliovaa chuma. Wateja wako ng'ambo na ni wakali. Kila ngao lazima iwe na alama za ukoo wenyewe, simba ukimgeuza upande mwingine umeharibu. Kwa hivyo nasoma sana kabla sijashika brashi.

Mzee alikuwa anachora maandishi ya maduka huko Kawangware, upande unaoitwa Congo. Figo zilipomlemea nikamleta kwangu. Mwanzoni aliniuliza, "Mwanaume mzima unachezea wanasesere?" Lakini wacha apewe brashi! Siku hizi farasi wote ni wake, mimi nafanya ngao. Nikamfundisha kwamba baba na kifungua mimba wake hubeba ngao za alama moja, ila ya mtoto huwekwa kamstari kenye meno matatu hapo juu, kuonyesha baba bado yuko hai. Baba akifa, kanatolewa. Mzee aliipenda hiyo, woi! Kila tukipata baba na mwanawe anasema, "Huyu mimi, huyu wewe. Weka meno yangu hapo."

Juzi mteja akaagiza baba na mwanawe, lakini mtoto awe vile alikuwa kwenye vita vya baadaye, baba akiwa ameshazikwa. Nikachora vile historia inasema, bila kamstari. Nikawaacha mezani wakauke nikaenda kuteka maji. Kurudi, mzee amewashika wote wawili hapo dirishani.

"Meno yangu yako wapi?"

Nikamweleza mambo ya mteja, na vita, na kuzikwa. Alisikiliza mpaka mwisho. "Ni sawa, baba," akaniambia. "Hata mimi ningechoka."

Tangu hiyo siku amekataa kwenda kusafishwa damu. Shangazi amekuja, pasta amekuja, wapi! Anajigeuzia ukuta. Nilirudisha kale kamstari nikamwonyesha, akanirudishia. "Hiyo ni ya kuninyamazisha. Itoe, usiharibie mtu kazi yake."

Na kitu kinaniua ni kwamba kuchoka nimechoka. Kumbeba mgongoni hadi barabarani, kurudi, kufua, kuamka. Nikimwambia sijachoka atajua nadanganya, huyu mtu ndiye alinizaa. Lakini kuchoka si kutaka afe, jamani!

Leo miguu imefura hadi magotini. Amekaa mezani anapaka farasi wa yule mtoto, polepole, ananiuliza kama rangi imekaa poa. Nimesema imekaa. Wenye mmewahi kuuguza mzazi, nipeni neno moja la kumwambia kesho asubuhi akubali nimbebe twende hospitali, kwa sababu mimi maneno yangu yote yameisha.