Nukta za Wifi Yangu Vidole

Nikiri mapema: mimi hasira zangu ziko karibu. Wateja wa duka ninakouza misumari na rangi wanalijua hilo, kaka yangu analijua tangu utotoni, na mwaka huu kamati ya chama chetu cha voliboli nayo imelijua. Lakini safari hii nilikuwa na haki ya kufura. Nikimaliza kusimulia, mtasema wenyewe.

Habari yenyewe ni ya wifi yangu. Kaka yangu ndiye aliyemwoa, ila mimi nilimjua kwanza, uwanjani, tukiwa wasichana wa miaka kumi na tisa. Wote tunamwita Vidole. Anaoka mikate mtaa wa pili kutoka kwangu, kwenye chumba chenye meza ndefu ya bati na tanuri linalotoa jasho hata ukisimama mlangoni. Anakata donge la unga kwa mkono na kulitupa kwenye mizani, basi tu, kwa kujifurahisha, maana uzito wake anaujua kabla halijatua. Mikono hiyohiyo ilicheza voliboli miaka kumi na minne.

Kwa asiyeujua mchezo wetu: timu inaruhusiwa kuugusa mpira mara tatu. Wa kwanza anaupokea, wa pili anaupandisha karibu na wavu, wa tatu anaupiga uende upande wa wapinzani. Mimi, namba tisa, nilikuwa wa tatu, na watu waliniita Nyundo. Vidole, namba nne, alikuwa wa pili. Mpira ukitoka mikononi mwake ulikaa hewani ukinisubiri kama nguo iliyoanikwa. Mimi naruka, namaliza, uwanja mzima unaimba Nyundo, Nyundo. Ukimtafuta yeye, kesharudi mahali pake, anafunga kamba za viatu.

Sasa, chama chetu kina Chumba cha Heshima. Kiko pembeni mwa uwanja wa ndani, chumba kirefu chenye picha ukutani, jezi zilizotundikwa na rafu za mipira. Ukiingizwa mle, picha yako haishuki, na namba yako haivaliwi tena na mtu wa klabu yako. Kuingia si mchezo. Uwe umecheza miaka kumi, uwe umestaafu mitano, na madaftari ya mechi yaoneshe kwamba umefunga pointi elfu moja. Kisha kamati ya watu tisa inapiga kura, na lazima upate saba. Jina lako likikataliwa mara tatu linafutwa, wala halirudi tena maisha.

Mimi niliingia miaka mitano iliyopita. Siku ile nilimshukuru kocha, nikamshukuru marehemu mama, nikashukuru hata fundi viatu. Vidole alikuwa mstari wa mbele, anapiga makofi hadi viganja vyekundu. Sikumtaja. Nilipogundua nilikuwa nimeshakaa, na kila nikikumbuka uso unaniwaka.

Ndiyo maana nilipeleka jina lake. Mara ya kwanza wakasema ana pointi sitini na mbili tu. Mara ya pili wakasema pointi hazijaongezeka. Hazijaongezeka? Nikasimama, nikawauliza kama walitaka mwanamke wa miaka hamsini na tatu arudi uwanjani akaziongeze. Nikaongeza na maneno mengine ambayo si ya kuandikwa, nikaombwa nitoke nje.

Ikabaki mara moja. Kikao kilipangwa Jumamosi, saa nne asubuhi.

"Achana nao, wifi," Vidole aliniambia, anapaka mafuta kwenye makopo ya mikate. "Mimi picha ukutani itanisaidia nini? Wateja wangu wananijua."

"Basi nimeacha," nikasema.

Akapaka makopo mawili, matatu. "Hicho kikao chao," akasema bila kuniangalia, "kinaanza saa ngapi?"

Hapo nikajua. Na kaka yangu akaja kunimalizia jikoni kwake, kwa sauti ya chini: jezi namba nne imetolewa sandukuni, imefuliwa, imepigwa pasi, imerudishwa. Mara mbili mwaka huu. Jamani, nilikosa pa kuweka uso wangu.

Jumatatu nikitoka dukani nikaenda moja kwa moja kwa Mwalimu. Huyu ni mzee aliyefundisha hesabu na aliyekuwa mwandishi wa matokeo ya mechi zetu zote. Madaftari yote anayo yeye, kwenye sanduku la bati chini ya kitanda. Nilikwenda kugombana. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba amekosea kuhesabu, kwamba kuna pointi za wifi yangu zimelala mahali.

"Mwalimu, shikamoo. Pointi za Vidole umezila wapi?"

"Marahaba. Kaa kwanza, Nyundo. Hata uwanjani ulikuwa unaruka kabla ya mpira."

Akavuta sanduku, akachomoa daftari, akaliweka mapajani mwangu. Kurasa zake nilizijua: kila pointi imeandikwa namba ya aliyefunga. Tisa, tisa, kumi na moja, tisa. Akaniambia nisogeze karibu na macho. Juu ya tisa kulikuwa na nukta ndogo ya penseli. Juu ya kumi na moja pia. Tisa nyingine ilikuwa na nukta chini.

"Nilidhani ni uchafu wa nzi," nikasema.

"Fomu ya chama ina nafasi ya aliyefunga," Mwalimu akasema. "Ya aliyempa haina. Nilikuwa naona naandika uongo kila mechi. Basi nikaweka nukta. Juu, kapandisha namba nne. Chini, kapandisha mwingine. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Nikafunua ukurasa baada ya ukurasa, nukta zipo kote. Halafu nikamwambia alete penseli.

Tulihesabu Jumatatu hadi Alhamisi, kila nikitoka kazini, mimi nasoma, yeye anaandika. Macho yalituuma. Mke wake alituletea chai akaipitia imepoa. Alhamisi saa kumi na mbili jioni Mwalimu akajumlisha, akajumlisha tena kutoka chini kwenda juu, akanigeuzia karatasi. Nukta za juu: elfu nne mia tatu kumi na sita. Kati ya hizo, zilizokaa juu ya namba tisa: elfu moja mia nane sabini na saba.

Pointi zangu zote, zilizoniweka ukutani, ni elfu mbili na arobaini. Toa mwenyewe. Nyundo bila Vidole ana pointi mia moja sitini na tatu. Nilicheka, kisha nikalia palepale kwenye kiti cha Mwalimu, na sioni haya kusema.

Jumamosi nikafika kikaoni nimevaa gauni la heshima, Mwalimu nyuma yangu na sanduku lake la bati. Aliyekwisha kuingizwa haruhusiwi kupiga kura, ila anaruhusiwa kumsemea mtu kwa dakika kumi. Mwenyekiti wa kamati tunamwita Mnara; alikuwa mpigaji wa klabu tuliyopambana nayo miaka yote, mrefu, hacheki hovyo. Nilieleza nukta. Nikaweka karatasi mezani. Wakapokezana, wakatazamana.

"Nyundo," Mnara akasema, "sisi tunahesabu pointi. Hizi ni nukta. Na tutajuaje kama Mwalimu hakuwa anagonga penseli tu akiwaza mambo yake?"

Damu ikanichemka. Nilishafungua mdomo, Mwalimu akanikanyaga mguu chini ya meza, kwa kisigino.

"Mwenyekiti," akasema taratibu, "nitajie mechi moja unayoikumbuka vizuri. Yoyote."

Mnara hakufikiri hata kidogo. "Ile fainali mliyotufunga seti tatu kwa mbili. Vidole aliteguka kidole cha kati seti ya tatu, akatolewa. Tukafurahi. Seti ya tano akarudi kafungwa plasta."

Mwalimu akatafuta daftari, akaliweka wazi mbele yake, akakaa. Mnara akavaa miwani. Sote tukainama. Seti ya kwanza na ya pili, nukta ziko juu. Seti ya tatu, katikati ya ukurasa, nukta zinashuka chini zote, pu, na seti ya nne zipo chini hukohuko. Seti ya tano zimepanda tena juu hadi mwisho. Ungeweza kumwona akitoka na kurudi.

Mnara akaweka kidole kwenye pointi ya mwisho. Tisa, nukta juu.

"Aliangalia kushoto," akasema. "Mwili wote kushoto. Nikaruka kushoto. Akautupa nyuma, juu ya kichwa chake, bila kugeuka. Miaka ishirini na mbili naiota ile pasi." Akavua miwani. "Haya. Tupige kura."

Sanduku letu la kura ni mpira wa zamani uliokatwa juu. Kila mjumbe anatumbukiza karatasi: imeandikwa ndiyo, au tupu. Wakatumbukiza. Mnara akaanza kuchomoa, moja moja, polepole kama mtu anayetoa miba.

Ndiyo. Ndiyo. Tupu. Ndiyo. Nilishika kiti. Ndiyo. Ndiyo. Tupu. Sasa hata moja haikutakiwa kupotea. Ndiyo, ya sita. Ikabaki moja, imekunjwa mara nne, ndogo kama punje ya mahindi, na vidole vya Mnara ni vinene, haifunguki. Mwalimu alikuwa amefumba macho. Mimi nilikuwa nimeshasimama, niko tayari kwa lolote, hata kufukuzwa tena.

"Ndiyo," Mnara akasoma.

Sikumbuki ngazi nilizishukaje. Nakumbuka viatu nilivivua nikavishika mkononi, na watu wa mtaani wakinipisha wakidhani kuna moto. Nilifika kwa wifi yangu nahema. Alikuwa na unga hadi kwenye viwiko, na saa ya ukutani alikuwa ameigeuzia meza ili aione.

"Umeingia," nikasema. "Saba."

Akanitazama. "Ngoja niingize mikate." Akaingiza makopo yote kumi na mbili, moja baada ya jingine, akafunga mlango wa tanuri, akakagua kama umefunga. Halafu akakaa juu ya gunia la unga na kuficha uso kwa mikono yake, na alipoiondoa, uso ulikuwa mweupe wote isipokuwa pale machozi yalipopita. Tukaangua kicheko. Mikate ile iliungua kidogo, na wateja wakaichukua hivyohivyo.

Siku ya kuingizwa ilikuwa Jumamosi mbili baadaye, asubuhi. Desturi yetu ni kwamba anayeheshimiwa anafanya mara moja, ya mwisho, kile alichokifanya uwanjani. Ndani ya chumba kile tunafunga wavu mfupi. Mpigaji anapiga taratibu, mpokeaji anapokea, mwenzake anaudaka mpira, anauweka kwenye rafu, na mpira huo hauchezwi tena. Mpangaji, yaani mpandishaji kama Vidole, hakuwahi kuingia hata mmoja, kwa hiyo Mnara alinipa maagizo mwenyewe. "Vidole atapandisha. Wewe unadaka. Unadaka tu, Nyundo, umenisikia? Kuna vioo humu."

"Mimi mtoto?" nikamjibu.

Chumba kilijaa. Kaka yangu alikuwa na tai, kitu ambacho sijakiona tangu harusi yao. Kabla ya yote niliomba kusema, na nikasema lile nililopaswa kusema miaka mitano iliyopita: kwamba picha yangu iko ukutani kwa sababu ya mikono ya huyu, na kwamba nilimsahau, na kwamba ananisamehe au hanisamehi ni shauri lake. Vidole, ndani ya jezi yake namba nne iliyonyooshwa mpaka mikunjo inakata, akasema nipunguze maneno, ana mikate mchana.

Mnara akamrushia mpira.

Wifi yangu akaangalia kushoto. Mwili wote kushoto. Mnara, nawaapia, akaegemea kushoto. Na mpira ukatoka kwenye vidole vile bila sauti, ukaja nyuma, juu ya kichwa chake, ukakaa hewani ukinisubiri.

Kudaka? Nilikuwa nimeshapiga hatua mbili. Goti langu ambalo halipandi ngazi ya duka lilipanda. Niliupiga kwa mkono wa kulia kwa nguvu zangu zote za miaka hamsini na tatu, ukavuka wavu, ukaenda moja kwa moja ukutani, na kioo kikapasuka pa! Picha ikaning'inia upande, ikafikiri kidogo, ikaanguka. Ilikuwa yangu.

Mnara alishika kichwa. Mpira ulirudi ukibingirika sakafuni hadi miguuni mwa Vidole, naye akauokota, akautikisa kuondoa vigae, akaniangalia meno yote nje.

"Kakwambia udake, wifi."

"Na wewe kwa nini umeutupa nyuma?"

"Nilijua uko pale," akasema.

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kona na daftari lake la mwisho mapajani. Hatembei bila lile daftari. Watu walipokuwa wanatafuta ufagio, nilimwona akiinama, akailamba penseli ncha, akaandika tisa. Kisha akaweka nukta juu.